Unakwenda na nani kuchukua majibu?



Kuna kundi moja la wagonjwa ambalo sisi wachungaji hulisahau, kwa sababu ugonjwa wao bado haujapewa jina. Aliyelazwa wodini tunamtembelea. Aliyefiwa tunakwenda kumlilia. Lakini yuko mtu ambaye amekatwa kinyama kidogo kwenye uvimbe, akaambiwa arudi baada ya wiki tatu kwa ajili ya majibu. Dominika hii yupo nasi kanisani, benchi la tatu, anaimba, anatoa sadaka yake, anapeana amani na jirani, na hakuna anayejua kwamba tangu Jumanne hajalala.

Nataka kuandika juu ya mtu huyo. Naanza kwa kukiri kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa paroko katika parokia moja ya vijijini hapa Singida. Kwenye kigango kimojawapo alikuwepo mama mmoja, mkulima wa alizeti, mweka hazina wa WAWATA, mtu ambaye ukimwachia shilingi mia ya kanisa utaikuta shilingi mia. Watoto wake wameniruhusu kusimulia habari hii bila kumtaja jina. Siku moja baada ya misa alinifuata sakristia, akangoja watumishi wa altare watoke, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ana uvimbe kwenye titi, kwamba hospitali wamemchukua kipimo, na kwamba ameandikiwa tarehe ya kurudi. Akanyamaza. Sasa najua alikuwa ananingoja niseme neno. Pikipiki ilikuwa nje, kigango kingine kilikuwa kinanisubiri tangu saa nne, nami nilikuwa navua kasula huku natafuta funguo. Nikamwambia, "Mama, usiwe na hofu. Mungu hawezi kukuacha. Utaona, ni uvimbe tu wa kawaida." Nikampa baraka, nikaondoka.

Wiki hiyohiyo alikwenda kwenye mkesha wa maombi. Huko akaambiwa mbele za watu kwamba amekwisha kupona, na kwamba kurudi hospitali kuchukua majibu ni kumtilia Mungu shaka. Siwezi kuwalaumu waliosema hayo kuliko ninavyojilaumu mwenyewe, maana tofauti yetu ilikuwa ndogo. Wao walimwambia amepona, mimi nilimwambia si kitu. Wote tulimtabiria jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua.

Hakwenda. Alivuna alizeti yake, akaipeleka kukamuliwa, akalipa ada ya mtoto. Binti yake mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi mjini, ndiye aliyeikuta kadi ya hospitali imekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo, tarehe ya kurudi imepita kwa miezi minne. Walipofika, karatasi ilikuwepo. Ilikuwa imekaa kwenye faili muda wote huo, imeandikwa wazi. Akapelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akatibiwa, akarudi nyumbani, akaishi karibu miaka miwili. Je, miezi ile minne ingebadili mambo? Nilimuuliza daktari mmoja, naye hakutaka kunidanganya ili kunifariji. Alisema tu kwamba saratani ikiwahiwa, nafasi huwa kubwa zaidi.

Katika mwaka wake wa mwisho nilimpelekea Ekaristi mara nyingi. Siku moja nilijikaza nikamwomba msamaha kwa maneno yangu ya sakristia. Alicheka kidogo, kama mtu anayemwonea huruma mtoto. Akasema hakunikasirikia. "Lakini Baba," akasema, "ungeniuliza tu nitakwenda na nani."

Mumewe alikuwa mbali kwenye machimbo. Watoto walikuwa shule. Wenzake wa WAWATA aliona haya kuwaambia, kwa kuwa ni titi. Mama yule hakupungukiwa na imani, alimshinda mkosi mdogo zaidi ya huo: kukaa peke yake kwenye benchi la hospitali, kusikia jina lake likiitwa, kuinuka na kuingia ndani ya mlango ule bila mtu wa kumshikia mkoba.

Nimelitafakari neno lake hilo kwa miaka. Nafikiri lina teolojia nyingi kuliko homilia zangu kadhaa.

Sehemu ya mateso ya kungoja ni kutojua kinachoendelea huko kilikokwenda kile kinyama. Nilimuuliza daktari kijana, muumini wangu, kwa nini kitu chenye ukubwa wa punje ya mchele kichukue wiki tatu. Alinieleza kwa uvumilivu wa katekista. Kinyama kikitoka mwilini huwekwa kwenye dawa iitwayo fomalini ili kisioze, na lazima kikae humo saa nyingi mpaka dawa ipenye hadi ndani. Kisha huondolewa maji kwa spiriti, huzamishwa kwenye nta ya moto, na nta ikiganda kinakuwa kama kipande cha mshumaa chenye nyama katikati. Fundi wa maabara hukikata kwa mashine vipande vyembamba mara nyingi kuliko unywele, huvibandika juu ya kioo, huvipaka rangi ya zambarau na ya waridi, na hapo ndipo daktari bingwa wa patholojia anapokaa kwenye darubini na kusoma. Mabingwa hao nchini kwetu ni wachache. Sampuli nyingi kutoka mikoani husafirishwa kwenda kwenye hospitali kubwa kama Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi au Muhimbili, na huko zinapanga foleni pamoja na sampuli za mikoa mingine. Mara nyingine msomaji akitaka uhakika zaidi huagiza kipande kipakwe rangi nyingine tena, na siku zinaongezeka.

Nimeyaandika haya kwa sababu majibu yakichelewa watu hujihukumu wenyewe. "Wamechelewa kunipigia, basi ni mbaya." Si lazima. Kuchelewa kunaweza kuwa ni gari la sampuli, ni foleni, ni daktari mwangalifu asiyetaka kuandika jambo asilo na hakika nalo. Na si kila uvimbe ni saratani. Uvimbe mwingi wa kwenye titi si saratani. Lakini mwingine ni saratani, na asikuambie mtu yeyote wako ni upi kabla ya karatasi, hata kama mtu huyo amevaa kola ya upadri.

Pia si kila kipimo kina kungoja kwingi. Kina mama, kile cha mlango wa kizazi kinachotumia siki hutoa jibu palepale, kabla hujavaa viatu. Na mabinti wetu wana chanjo ya kuwakinga dhidi ya virusi vinavyoleta saratani hiyo, ambayo serikali ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018. Nimewahi kusikia mzazi akimzuia binti yake kwa maneno aliyoyapata kwenye simu. Nakuomba, umuulize mhudumu wa afya, simu hiyo iweke chini.

Turudi kwa anayengoja. Waamini huniuliza, "Baba, nisali vipi siku hizi?" Huwa nawapeleka Bethania. Tunapohubiri sura ya 11 ya Injili ya Yohane, kwa kawaida tunakimbilia kaburini, jiwe liondolewe, Lazaro atoke. Siku hizi mimi husimama kwanza kwenye zile siku mbili. Yesu amepata habari kwamba rafiki yake anaumwa, naye anakaa pale alipo siku mbili zaidi. Fikiria nyumba ile. Mjumbe amekwisha kutumwa. Dada wawili wanatazama njia. Vumbi likiinuka kwa mbali mmoja anatoka mlangoni, kumbe ni mpita njia na punda wake. Ndani mgonjwa anahema. Injili haisemi kwamba dada hao walikuwa na imani haba. Inasema kwamba Yesu aliwapenda, na palepale, bila kuona aibu, inasema kwamba alikawia. Naye Martha alipomwona akija hakumpangia Bwana maneno matamu. Alimweleza wazi kwamba kama angelikuwepo, ndugu yake asingelikufa. Hiyo ni sala. Ukishindwa nyingine, sali hiyo.

Kuna waliowahi kuniletea bahasha ya majibu ikiwa bado imefungwa, niibariki ndipo waifungue. Naibariki, kwa nini nisiibariki? Lakini namwambia mwenye bahasha kwamba karatasi haileti ugonjwa, inaleta habari tu. Kama ugonjwa upo, ulikuwepo jana ukila ugali, na Mungu alikuwepo jana hiyohiyo. Kama haupo, hukuuondoa wewe kwa kutoogopa. Nasema hivi kwa sababu nimewaona watu wanaojitesa mara mbili: wanaogopa saratani, halafu wanaogopa kwamba kuogopa kwao ndiko kutakakoleta saratani. Mafundisho hayo hayatoki katika Injili. Bwana wetu pale Gethsemani aliogopa, na Marko hakulificha jambo hilo. Alichowaomba wanafunzi watatu hakikuwa maelezo wala unabii. Aliwaomba wakeshe naye. Wakalala. Kila nikisoma mahali pale naiona ile pikipiki yangu nje ya sakristia.

Na wale wanaofikiri kwamba dawa na sala havikai chumba kimoja, wafungue Isaya sura ya 38. Mfalme Hezekia anaumwa hata kufa, anageuza uso ukutani, analia, anasali. Mungu anamsikia. Halafu nabii yuleyule aliyeleta neno la Mungu anaagiza ubandiko wa tini uwekwe juu ya jipu. Nabii hakuona kwamba anamtilia Mungu shaka. Yoshua bin Sira naye, sura ya 38 kama ile ya Isaya, anafundisha mgonjwa asali na ampe mganga nafasi yake, maana naye ni kazi ya Mungu.

Wakubwa wenzangu mnaikumbuka Oktoba ya 1999. Mwalimu Nyerere alikuwa London, hospitali ya St Thomas, anaumwa saratani ya damu. Mimi nilikuwa padri kijana. Nakumbuka jinsi tulivyoizunguka redio, sisi na waamini, Wakatoliki na Walutheri na Waislamu wa pale kijijini, kila taarifa ya habari. Wauza duka walipandisha sauti ili na wapita njia wasikie. Misa zilijaa. Hakuna aliyetuambia kwamba kufungua redio kila saa ni kukosa imani. Halafu tarehe 14 Rais Mkapa akatangaza, na tukalia wote pamoja, tukiwa tayari tumekwisha kukesha wote pamoja. Huwa najiuliza kwa nini tulijua kungoja hivyo kwa ajili ya Baba wa Taifa, na tusijue kungoja hivyo kwa ajili ya mweka hazina wa WAWATA.

Sasa niseme la kwangu.

Mwaka mmoja, Kwaresima ikielekea mwisho, vipimo vya damu vilionyesha kwamba tezi dume yangu haiko sawa. Daktari alieleza vizuri kwamba kipimo kile kinaweza kupanda kwa sababu nyingi, hata uambukizo au uvimbe wa kawaida wa wazee, na kwamba ili kujua lazima wachukue vinyama. Jinsi wanavyovichukua sitaisimulia gazetini siku ya Dominika. Wanaume wenzangu nendeni mkaone wenyewe, na mwende mapema. Nilifanyiwa katika hospitali moja mjini Dodoma, nikaambiwa nirudi baada ya siku 19.

Nilirudi parokiani, sikumwambia mtu. Mimi niliyekuwa nimefundishwa na mama yule kwa gharama kubwa namna ile, sikumwambia mtu. Nilijipa sababu ya kichungaji, kwamba nisiwatie waamini wasiwasi wakati wa Juma Kuu. Ukweli ni kwamba niliona haya, kwa kuwa ni mahali pa haya. Nikasikiliza maungamo, nikaandaa matawi, nikagombana na kwaya juu ya muda wa mazoezi. Usiku nilikuwa nasoma kwenye simu habari za tezi dume mpaka saa nane, na asubuhi nilikuwa na magonjwa sita. Nakushauri kama ndugu: simu ilale chumba kingine.

Siku ya 19 nilipiga. Dada wa mapokezi akaniambia kwa upole bado, nijaribu wiki ijayo. Sikumkasirikia yeye, lakini niliikasirikia ile wiki. Ilikuwa Jumatano Kuu.

Ndipo ikaja Jumamosi Kuu. Nimeiadhimisha, au niseme nimeivuka, kila mwaka tangu upadrisho, na kwa kawaida huwa ni siku ya kufua majoho na kutafuta mshumaa wa Pasaka umewekwa wapi. Mwaka ule nilikaa kanisani peke yangu mchana. Altare iko wazi bila kitambaa. Tabernakulo mlango wazi, ndani hamna kitu. Mchana ule Kanisa halina misa. Jana yake limekwisha kumzika Bwana, na kesho halijaifikia. Nilitambua kwamba mama yetu Kanisa ameweka katika kalenda yake siku nzima isiyo na jibu, wala hatuambii tuijaze kwa maneno. Anatuacha tu tukae kando ya kaburi. Nikakaa. Sikupata ujumbe wowote, wala joto moyoni, nisije nikakudanganya. Ila nilipotoka nilikwenda moja kwa moja kwa katekista, mzee mwenye wajukuu, nikamwambia kila kitu, na jina la tezi yenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Tarehe ngapi, Baba?" Nikamwambia. Akarudi kupanga viti vya mkesha.

Nilimwomba pia padri mwenzangu wa parokia jirani anipe Mpako wa Wagonjwa. Najua wengi wenu mkisikia mpako mnasikia jeneza. Nimewahi kufika nyumbani kwa mgonjwa na mafuta, ndugu wakaanza kulia hapohapo, mgonjwa akawa anawanyamazisha yeye. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kutufundisha kwamba hii si sakramenti ya wanaokata roho peke yao. Anayeanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee, na anayekwenda kupasuliwa kwa ugonjwa mzito, wote yawahusu. Kama unangoja majibu na hali yako imekutia mashaka makubwa, mwendee paroko wako, mzungumze. Usingoje mpaka wakubebe.

Sista mmoja alinipa kikaratasi cha novena ya Mtakatifu Peregrine Laziosi, msimamizi wa wagonjwa wa saratani. Huyu alikuwa mtawa wa Forlì, Italia, aliyefariki mwaka 1345. Mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya, madaktari wakaamua kuukata kesho yake. Inasimuliwa kwamba usiku ule alijikokota mpaka mbele ya msalaba, akasali, akasinzia palepale, na asubuhi daktari akakuta kidonda hakipo. Naamini Mungu aweza. Lakini nilipokuwa nasali novena ile, sikuweza kumtazama Peregrine wa asubuhi. Nilimtazama yule wa usiku, aliyejikokota bila kujua. Wengine wengi wamejikokota mbele ya msalaba huohuo na asubuhi mguu ukakatwa. Hao hatukuwaandikia novena, ila Mungu anawajua kwa majina.

Siku ya kurudi nilifika stendi ya Singida saa kumi na moja alfajiri. Katekista alikuwa amekwisha kukaa ndani ya basi, koti la mvua mkononi, chupa ya chai miguuni, na mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko. Nauli alikuwa amelipa ya kwake na ya kwangu. Sikumwita. Hakusema "usijali", hakusema "utaona yatakuwa mazuri". Tukapita Ikungi, tukapita Manyoni, yeye akisimulia kirefu kesi ya mipaka ya shamba la jirani yake, mpaka nikaanza kuchukua upande. Bahi nilikuwa nimesahau ninakokwenda kwa dakika kama kumi. Zile dakika kumi nilizipokea kama sakramenti ndogo.

Ndugu zangu wa Jumuiya Ndogondogo, nanyi mnajua kufanya haya. Mtu akifiwa mnapika, mnachota maji, mnalima shamba lake. Tangu nirudi, katika parokia niliyopo tumekubaliana jambo moja tu: mwanajumuiya akisema ameandikiwa tarehe ya majibu, swali la kwanza ni tarehe ngapi na la pili ni nani anamsindikiza. Kama hataki ijulikane, anamwambia mwenyekiti peke yake, naye anafunga mdomo. Siyo kwenye kundi la WhatsApp, tafadhali. Msindikizaji abebe daftari aandike anachosema daktari, maana mwenye masikio yake siku hiyo hasikii. Nauli ikipungua, jumuiya inachanga. Bado tunajifunza. Wapo walioona ni kuingilia mambo ya watu, na mara moja tulikosea kweli, siri ya mtu ikatoka, nikalazimika kwenda kumwomba radhi nyumbani kwake.

Pale hospitali tulikaa kwenye benchi la mbao, nimevaa shati la kawaida. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja aliyetoka vijijini, fimbo katikati ya magoti, bahasha yake ya khaki ameikunja mara nne. Niliitwa kabla yake. Daktari alisoma karatasi kwanza kimya, nami nilitazama kalenda ya ukutani nikiona tarehe bila kuzielewa. Kisha akasema ni uvimbe wa kawaida, si saratani, nitakunywa dawa na nitarudi kupimwa tena baada ya muda.

Nilitoka nikiwa na miguu ya kijana. Nilitaka kumpigia simu sista, nilitaka chipsi, nilitaka kuimba. Katekista alisimama akaniona usoni, akavua kofia. Yule mzee naye aliniangalia.

"Wamesemaje, mdogo wangu?"

"Wamesema si saratani, mzee."

"Mungu ashukuriwe," akasema, akimaanisha. Kisha akautazama ule mlango.

Katekista alikuwa anatazama saa. Basi la mwisho ambalo lingetufikisha nyumbani siku hiyo lilibakiza nusu saa. Nilimuuliza mzee amekuja na nani. Akasema mwanawe alikosa ruhusa kazini. Hapohapo muuguzi akatokea mlangoni na kulisoma jina lake, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuinuka.

Nilimwambia katekista atangulie stendi awaombe wasubiri, ingawa sote wawili tulijua kwamba basi halisubiri mtu. Nikaichukua fimbo ya mzee, nikampa mkono, tukaingia.